Mkanda Niliokubali Kuufuta

Nianze na kosa lenyewe, ndipo mjue mnasoma maneno ya mtu wa namna gani. Alasiri moja, miaka mingi kabla wengi wenu hamjazaliwa, mwanamuziki na mchungaji wake walikaa kwenye viti vya sebule yangu hapa Nakuru wakaniomba nifute mkanda wenye nyimbo kumi na mbili. Nilikuwa na kila sababu ya kukataa. Mkanda ulikuwa wangu, mashine ilikuwa yangu, na kampuni ya santuri, hata kama ilikuwa ya chumba kimoja, ilikuwa yangu. Nikasema, "Haina shida." Chai yao ilikuwa bado haijapoa.

Katika wimbo wa mwisho wa mkanda ule aliimba mke wangu, Tabitha. Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kurekodiwa maishani mwake. Binti yetu Chemutai haikumbuki sauti ya mamake, na kwa muda mrefu amekuwa akiniuliza ilikuwaje. Hilo ndilo linalonifanya niandike. Ninyi vijana mnaotengeneza muziki vyumbani mwenu, kule Free Area na Section 58, mmekuwa mkija kwangu kuuliza habari za kampuni yangu ile, Taa Mbili, mkidhani nina hekima niliyoificha mahali. Sina. Nina mambo machache ya kazi ninayoyajua vizuri, na mengi ambayo mpaka leo hayaniingii akilini.

Jina la Taa Mbili lilitokana na mashine. Ilikuwa na taa mbili upande wa mbele, ya kijani na nyekundu. Kijani ikiwaka, unasikiliza mkanda. Nyekundu ikiwaka, unarekodi, na chochote kilichokuwa hapo kinafutika papo hapo, kwa sababu mashine ile ilifuta na kurekodi kwa mkupuo mmoja. Ninyi mkikosea mnabonyeza mahali na kosa linaondoka. Sisi hatukuwa na pa kubonyeza. Ikiwa nyekundu imewaka, imewaka.

Nilimaliza kidato cha nne, nikaajiriwa karani wa ghala la nafaka kule Rongai. Mshahara wangu uliishia kwenye santuri. Tabitha alikuwa akisema kwamba wanaume wengine wanarudi nyumbani na pombe na mimi narudi na sahani zisizoliwa. Nilipoacha ukarani ili niwe mtu wa kurekodi muziki, hakunikataza. Alianza kununua mahindi kwa wakulima na kuyauza mjini, na chumba chake cha kuhifadhia magunia ndicho nilichokifanya studio. Kwa hiyo mkisikia watu wanasema Taa Mbili ilikuwa kampuni yangu, jueni kwamba kuta zake zilikuwa za mke wangu.

Nasema kuta nikimaanisha kuta. Nyinyi mnabandika sponji ukutani kuzuia mwangwi. Mimi nilikuwa na magunia. Baada ya mavuno chumba kilijaa mpaka dari, na sauti ilitoka nene, kavu, kama mtu anakuimbia sikioni. Kufikia katikati ya mwaka Tabitha alikuwa ameuza karibu yote, na gitaa lilisikika kama linapigwa ndani ya tangi la maji. Wanamuziki waliojua mambo walikuwa wanauliza kwanza, "Mama Chemutai, umebakisha gunia ngapi?" kabla ya kuniuliza mimi kama nina nafasi. Nikiwekewa leo santuri yangu yoyote, nakuambia ilirekodiwa msimu gani.

Jirani yetu alikuwa na kinu cha posho. Kikinguruma, hata mawazo yako huyasikii. Kilizimwa siku moja tu kwa wiki, Jumapili, mpaka alasiri, kwa hiyo tulirekodi Jumapili asubuhi watu wakiwa kanisani. Jambo hilo lilinipa sifa mbaya kwa wachungaji wa mtaa mzima, nami sikuwa na namna ya kuwaeleza kwamba wa kulaumiwa ni kinu.

Aliyenifundisha kazi ni Fundi Okoth, mtengenezaji wa redio aliyekuwa na kibanda karibu na stesheni ya reli. Alikuwa mfupi, mkali, na miwani yake ilishikiliwa na waya wa shaba. Alinifundisha kusafisha vichwa vya mashine kwa pamba na spiriti. Alinifundisha kwamba ukiwa na maikrofoni moja huongezi wala kupunguza sauti ya mtu kwa mashine. Unamsogeza mtu mwenyewe. Mwimbaji mkuu shibiri moja kutoka kwenye maikrofoni, waitikiaji hatua tatu nyuma, ngoma mlangoni, na kama mpiga ngoma ana hasira, nje kabisa. Nilichora alama za chaki sakafuni, moja hadi tano. Mpaka leo nikimwona mtu anaongea kwa kelele ninamhesabia hatua.

Alinifundisha pia jambo la tatu, ambalo nililicheka. Alisema, "Juu ya boksi la mkanda andika kila mtu anayesikika ndani. Kila mtu. Si mwenye wimbo peke yake."

"Hata anayepiga makofi?"

"Hata anayekohoa. Siku moja mtu atakuja kuuliza ni nani huyo."

"Sasa fundi, nani atauliza mtu aliyekohoa?"

"Wewe endelea tu kujifanya karani mkubwa."

Nilipotembelea kibanda chake nilisoma maboksi yake nikacheka mpaka machozi. Moja lilikuwa limeandikwa jina la mwimbaji, jina la mpiga gitaa, kisha, "Mtoto analia mwishoni: wa jirani, jina Akinyi." Mimi, karani wa ghala, niliyezoea kuandika kila gunia na mwenye gunia lake, niliona ni upuuzi. Maboksi yangu yaliandikwa jina la mwimbaji na idadi ya nyimbo, basi.

Niwape habari ya jogoo, kwa sababu inaonyesha jinsi kazi hii ilivyonichanganya tangu mwanzo. Santuri yangu ya tatu ilikuwa ya kijana wa Subukia aliyeimba kwa upole sana. Katikati ya ubeti wa pili, jogoo wa jirani akawika. Kurekodi upya kulimaanisha kutumia mkanda mwingine, na mkanda ulikuwa ghali, kwa hiyo tukaiacha hivyo na nikaipeleka kutengenezwa Nairobi nikiwa na aibu. Ikanunuliwa kama unga. Watu walikuja kwangu wakasema, "Tupatie ile ya jogoo." Nikajiona nimejua biashara. Kwa santuri iliyofuata ya kijana yule nikasafisha kila kitu, nikamlipa jirani afungie kuku wake. Haikununuliwa. Mama mmoja aliirudisha. Alisema, "Hii ni baridi." Nimefikiria neno hilo miaka yote na sijalielewa. Ninachojua ni kwamba nilimrekodi jogoo wa jirani, na huyo bado anawika kwenye nyumba za watu.

Sasa Gitonga. Stefano Gitonga alikuwa mpiga gitaa kutoka Kabazi, mrefu, mtu wa mzaha, na mikono yake ilikuwa ya mtu anayepalilia viazi asubuhi na kupiga muziki kwenye baa jioni. Sijawahi kurekodi mtu aliyemzidi. Alikuja na nyimbo kumi na mbili zikiwa tayari kichwani, mwezi wa kwanza, chumba kikiwa kimejaa magunia, na tukazirekodi zote Jumapili moja kwenye mkanda mmoja. Kulikuwa na mwanamke aliyemleta wa kumwitikia. Kufikia wimbo wa kumi na moja sauti ya yule mwanamke ilikuwa imekauka kabisa.

Tabitha aliingia na birika la chai, Chemutai akiwa mgongoni, amelala. Gitonga akamwangalia.

"Mama Chemutai, si utuitikie huu mmoja tu tumalize?"

"Mimi? Mimi ni mtu wa mahindi."

"Kanisani nakusikia kutoka barabarani."

"Unanisikia kutoka barabarani kwa sababu hujawahi kuingia ndani," Tabitha akamjibu, na chumba kizima kikacheka.

Akaweka birika chini, akasimama kwenye alama ya tatu. Nikawasha taa nyekundu. Tangu mstari wa kwanza sindano ya kupima sauti kwenye mashine ikaruka mpaka mwisho. Nikasimamisha, nikamrudisha alama ya nne, tukaanza tena, na wimbo ukaenda mpaka mwisho bila kosa, mtoto mgongoni bila kuamka. Gitonga akasema anataka kuurudia mara moja zaidi, kwa sababu yeye mwenyewe aliteleza kidogo kwenye gitaa. Nikawasha tena, nikawa bado nawapanga, na mkanda ukaisha. Ukabaki unazunguka tupu, tap, tap, tap. Tukasema basi, ule tuliomaliza unatosha.

Juu ya boksi nikaandika: Gitonga, nyimbo 12.

Kabla sijapata nafasi ya kupeleka nyimbo zile Nairobi, Gitonga aliokoka. Mnaijua hali hiyo, mmeiona. Aliacha pombe, aliacha baa, gitaa akalipeleka madhabahuni. Sikumcheka, na simcheki leo. Mkewe alinenepa mwaka ule na watoto wakavaa viatu. Alikuja nyumbani akiwa na suti ya kahawia na mchungaji wake kando yake.

"Baba Chemutai," akasema, "nimekuja unisaidie. Zile nyimbo zikitoka nitaaibika. Mimi si yule mtu."

"Zote kumi na mbili?"

"Zote. Naomba uzifute, zinataja mambo ya dunia."

Mchungaji akasema kwa upole kwamba wangependa kuuchoma mkanda Jumapili mbele ya kanisa, pamoja na vitu vingine ambavyo waumini wameviacha.

Hapo ndipo ujanja wangu uliponimaliza. Sikuwaza nyimbo. Niliwaza mkanda, ule utepe mzuri, mpya, uliotumika mara moja tu, ukiyeyuka motoni. Nikasema, "Haina shida. Lakini Mchungaji, msiuchome. Niachieni mimi. Leteni kwaya yenu, niirekodi humo humo juu yake. Ya dunia yatafutika na ya Mungu yatakaa mahali pake."

Mchungaji alipiga kofi kwa furaha. Alisema hilo ni fundisho zuri kuliko moto. Nami nikajisikia mtu wa maana, nimemfurahisha Gitonga, nimelifurahisha kanisa, nimeuokoa mkanda. Tabitha alikuwa anawamiminia chai. Akaniuliza, "Na wengine walioimba humo?"

Nikamjibu bila kugeuka, "Wengine walishalipwa siku ile ile."

"Mimi sikulipwa," akasema, akacheka kidogo, akachukua sahani ya mkate akaenda jikoni.

Nimekirudia kile kicheko kichwani maelfu ya mara. Sijui kilikuwa kicheko cha nini. Alikuwa mtu wa kanisa kuliko sisi sote, huenda alifurahi. Huenda alikuwa ananiambia kitu mbele ya wageni kwa njia ambayo mke mwenye heshima anaweza kukisema, na mimi nilikuwa nimempa mgongo. Kama boksi lingekuwa na jina lake, ningelisoma nilipolishika Jumapili iliyofuata. Okoth angekuwa ameniokoa. Nilisoma "Gitonga, nyimbo 12," na Gitonga alikuwa ameshakubali.

Kwaya ikaja baada ya ibada, wanawake ishirini na wanaume sita. Nikaiweka yote kuanzia alama ya tano kurudi nyuma mpaka uani. Gitonga akapiga gitaa lile lile, lililokwisha kuombewa. Na hapa tena akili yangu inakwama, kwa sababu nusu ya nyimbo za kwaya ile zilikuwa nyimbo zake zile zile. Alikuwa amebadilisha maneno tu. Akina mama walikuwa wakiyumba mabega kama watu wa baa. Nilipomtazama Gitonga, alinikwepa macho. Taa nyekundu ilikuwa inawaka.

Tabitha aliugua miaka mitatu baadaye, ghafla, na hatukukaa naye hata mwezi. Chemutai hakuwa ameanza shule. Nyumbani kwangu kulikuwa na mashine mbili za kurekodi na rafu nzima ya sauti za watu, na hakukuwa na sentensi moja ya mke wangu. Mtu anayezungumza nawe kila siku, wa kukuambia funga mlango, chumvi imeisha, unamrekodia nini? Hivyo ndivyo nilivyofikiri, ikiwa nilifikiri.

Kampuni ilikufa polepole, kwanza kaseti za kunakiliwa mitaani, kisha hizi simu. Hilo silililii. Chemutai alikua, akawa mwalimu, akapata watoto wake. Anakuja mwishoni mwa muhula. Swali lake huja tukiwa tunafanya jambo lingine, tunapukuchua mahindi au tunatafuta miwani yangu.

"Baba, Mama alikuwa na sauti nzito ama nyembamba?"

"Ya kati."

"Ya kati kama ya nani?"

Na mimi natafuta mtu wa kumtajia, na simpati.

Mwaka uliopita Gitonga alinitembelea. Ni mzee wa kanisa sasa, anatembea kwa fimbo. Nilidhani amekuja kuniombea. Akakaa, akauliza habari za magoti yangu, kisha akasema, "Baba Chemutai, zile nyimbo zangu. Hukubakisha nakala?"

"Nyimbo gani?"

"Usinifanye mtoto. Zile kumi na mbili. Wajukuu wangu wanapiga gitaa kanisani, na madramu, na taa za rangi. Nawaambia mimi nilipiga kuliko nyinyi. Wananicheka."

"Gitonga, wewe ndiye uliniomba nizifute."

"Nilikuwa mchanga katika imani. Wewe ndiye ulikuwa mwenye kampuni. Ungekataa."

"Ulikuja na mchungaji!"

"Basi ungenidanganya. Ungesema umefuta, ukaweka chini ya kitanda."

Mzee wa kanisa ananilaumu kwa nini sikumdanganya. Nilitaka kukasirika nikashindwa, kwa sababu alikuwa analia. Nasi tukakaa hapo wazee wawili, hatujui nani alimkosea nani. Alipokuwa anaondoka akageuka mlangoni. "Lakini kwaya haikufika mwisho wa mkanda. Nakumbuka ulisema umebaki utepe kidogo, mchungaji akataka kuweka neno la baraka, ukakataa kwa sababu kinu kilikuwa kimewashwa."

Nilikuwa nimesahau. Mashine inafuta pale tu inaporekodi. Kama kwaya iliacha kabla ya mwisho, basi mwisho wa mkanda haukuguswa, na mwisho wa mkanda ulikuwa wa Tabitha.

Mashine zangu zilikuwa zimekufa. Nikampigia Shiru, mmoja wenu, msichana mwenye studio Free Area anayehamisha mikanda ya zamani kwenye kompyuta. Ananiita guka, yaani babu, ingawa hatuna undugu wowote. Nilimwita Chemutai pia. Sijui kama hilo nalo lilikuwa kosa.

"Guka, hii tepu bado iko fiti," Shiru alisema akiishika kwa ncha za vidole. "Mliitunza poa."

"Tuliitunza," nikasema.

Tukasikiliza kwaya yote. Sikukubali aruke hata wimbo mmoja, nikiogopa kuupita mwisho. Chemutai alikuwa amekaa kwenye kistuli, mikono magotini, kama mtu anayengoja kuitwa hospitalini. Kwaya ikaisha. Ukaja mlio mdogo, kama kitambaa kinachanika. Kisha chumba changu cha magunia, kavu, karibu, kama mtu amefungua mlango wake. Gitaa la Gitonga likapiga noti mbili za kujaribu. Na sauti ya mwanamume kijana, yenye haraka, iliyojaa amri, ikasema:

"Mama Chemutai, rudi nyuma kidogo. Bado. Tena kidogo. Tena."

Zikasikika hatua za viatu, mbili, tatu, zikienda mbali. Mkanda ukaisha, pale pale ulipotuishia siku ile nikiwa bado nawapanga.

Shiru akaangalia kompyuta yake. "Ni hiyo tu, guka. Sekunde kumi na moja."

"Huyo anayeongea ni nani?" Chemutai akauliza.

"Ni mimi."

"Na hizo hatua?"

"Ni za mamako. Ulikuwa mgongoni mwake."

Akaomba azisikie tena. Shiru akazirudia mara nne, tano. Chemutai alizirekodi kwenye simu yake na akaenda nazo. Niliposema pole, alisema, "Sawa, Baba," kwa namna ambayo sikuielewa, na niliogopa kuuliza.

Vijana, mtanisamehe kama mlitarajia mafundisho. Andikeni majina ya wote wanaosikika. Mtu akija kuomba mfute, muulizeni na yule aliyeleta chai. Zaidi ya hapo sijui. Sijui kama Gitonga alikosea kuokoka au kujuta. Sijui kama Tabitha angetaka ule wimbo ubaki. Sikumuuliza siku ile, na miaka mitatu iliyofuata, tukila meza moja, sikumuuliza pia.

Ninachojua ni hiki. Nikijaribu sasa kuikumbuka sauti ya mke wangu, inayonijia ni ile kwaya. Nilikuwa mtu wa mwisho aliyekuwa nayo kichwani, na nimeipoteza. Neno langu la siku ile lilinigharimu hilo: binti yangu hajawahi kuijua sauti ya mamake, na mimi siwezi kumwambia ilikuwaje, kwa sababu sikumbuki tena.